Ng'ombe Sita Ndani ya Bomba

Malava, 9 Machi 1965

Kwa ndugu yangu Onesmus,

Salamu nyingi. Homa ya Mombasa imekuachia? Mimi ningesema ni mzima kabisa, lakini jino moja la mbele halipo tena.

Patroba alitoka kwenye pombe Jumamosi akanipiga hadi nikakimbilia kwetu Mautuma. Mama alinipikia obusuma, ule ugali wake wa wimbi, akanipaka dawa, na asubuhi akanirudisha yeye mwenyewe kwa huyo huyo mume wangu. Alilia njia nzima. Alisema, "Ukibaki hapa watakuja kudai ng'ombe wao wa mahari, na boma letu ni tupu. Muulize Onesmus."

Basi nakuuliza. Baba alipokufa alikuachia wewe wale ng'ombe sita wa mahari yangu. Wako wapi?

Dada yako,
Navalayo


Mombasa, 24 Machi 1965

Kwa dada yangu mpendwa,

Pole, pole sana. Nimesoma barua yako. Huyo Patroba, ole wake nikimpata! Homa imeniachia, asante kwa kuuliza.

Ng'ombe niliwauza mwaka jana, nikanunua hisa za hii kampuni ya Wazungu ninayofanyia kazi, yenye bomba la mafuta huko ng'ambo. Hisa ni kama kipande cha kampuni: mafuta yakipita bombani, kampuni inalipwa, nasi tunagawiwa faida. Makarani wote walinunua. Nilitaka wale sita wazae wengine, nami nipate wa kuolea.

Sasa mafuta yamejaa duniani hadi bei imeanguka. Watu wakaogopa, hisa zikaanguka nazo. Nikiuza leo napata ng'ombe wawili tu. Lakini huo ni woga wa bure, dada. Bomba hulipwa kwa wingi wa mafuta yanayopita, bei yake iwe juu, iwe chini. Ngoja kidogo. Mvumilivu hula mbivu.

Kaka yako,
Onesmus


Malava, 11 Aprili 1965

Kwa ndugu yangu,

Natumaini hujambo. Huku mvua imeanza na mahindi tumepanda.

Mvumilivu hula mbivu kama ana meno. Mimi najua ile nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Na ng'ombe, ndugu yangu, hata soko lifungwe mwaka mzima, anakamuliwanga tu. Hisa zako unazikamua wapi?

Sikiliza vizuri sasa. Nimezungumza na mzee Wanyonyi, baba mdogo wa Patroba. Ananihurumia. Amesema kwa kuwa sijazaa, tulete wawili sasa, wale wengine utalipa polepole, nami niende kwetu kwa amani. Wawili, Onesmus! Si ndio hao unao? Uza.

Dada yako,
Navalayo


Mombasa, 2 Mei 1965

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu sana. Nimekutumia leso, naomba uivae.

Usinikasirikie. Kuuza leo ni kutupa ng'ombe wanne shimoni, na wanne hao bado watadaiwa kwangu. Nitawatoa wapi, na mshahara wangu huu? Nitazeeka bila mke nikilipa deni la Patroba. Nimenaswa, Navalayo: nikiuza nimepotea, nisipouza nakuona wewe kila nikilala. Meneja mwenyewe bado ananunua. Bei ikipanda kidogo tu nitauza, haki ya Mungu.

Kaka yako,
Onesmus


Malava, 15 Agosti 1965

Onesmus,

Hujambo? Leso nimepata.

Mzee Wanyonyi ameniuliza tena kuhusu wale wawili. Kuna jambo linaloniharakisha na bado sijamwambia mtu yeyote hapa. Baada ya muda halitafichika. Nakuomba kwa jina la baba, uza.

Dada yako,
Navalayo


Mautuma, 6 Juni 1966

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu na shangwe! Mama ni mzima, nami niko hapa nyumbani kwa likizo. Nisamehe kwa kunyamaza muda huu wote. Niliona haya kuandika bila habari njema.

Bei imepanda! Nimeuza hisa zote, nimenunua ng'ombe sita hapa Lugari, wazuri, na bado nimebaki na pesa kidogo. Si nilikuambia? Ijumaa nitawaleta Malava mimi mwenyewe. Funga mizigo yako, mateso yako yamekwisha.

Kaka yako,
Onesmus


Malava, 8 Juni 1966

Kwa ndugu yangu Onesmus,

Nashukuru uko mzima. Msalimie mama.

Usiwalete. Mwezi wa pili nilijifungua msichana, nikamwita Kageha kama mama. Sikuwaandikia, wala kumtuma mtu. Nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo.

Mzee Wanyonyi amenieleza kwa upole kwamba penye mtoto hawapokei ng'ombe. Nikitaka kwenda, mlango uko wazi, lakini mtoto ni wa ukoo wao. Hajaanza hata kutambaa. Nitamwachia Patroba?

Oa na hao ng'ombe, ndugu yangu, na mke wako usimpige.

Iko siku watakuja watu kumwoa Kageha. Patroba atapokea mahari, nawe utapewa ng'ombe mmoja wa mjomba, kama desturi. Huyo usimuuze, bei iwe juu, iwe chini. Mfuge hapo bomani, azae. Kageha akikukimbilia, uwe na wa kurudisha.

Dada yako,
Navalayo