Aliyeandika historia ya Tantine

Yaya Masika,

Nakusalimia toka Bunia, vumbi imeingia mpaka mu mboga ya sombe. Jana tulizika Tantine, shangazi yetu. Historia ya maisha yake niliandika miye, lakini bwana yake ndiye aliisoma pale kwenye kaburi, na akaruka mahali nilisema yeye alimukimbia bibi yake wakati wa ugonjwa. Watu wakamusifu: "Tonton, unajua kuandika." Akaitika.

Nikasimama. "Mwandishi ni miye." Nikasoma ile sehemu aliruka. Leo hapa kwa kilio hakuna mutu ananisemesha, hata chakula nimejipakulia mwenyewe.

Tantine ndiye alikuwa ananiita mwandishi, na miye naona haya. Siku nimekubali jina, yeye iko mu sanduku.

Umusalimie mama sana. Historia yake nitaiandika angali muzima, aisikie.

Mudogo wako,
Kahindo