Nimeficha Vidonge vya Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla jambo hili halijanishinda kabisa, kipindi chako cha redio nakisikiliza kila asubuhi nikiwa kwenye cherehani, mke wangu hakipendi, anasema una ulimi mkali, lakini leo nautaka huohuo ukali maana ndugu na marafiki nawaonea aibu.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani kwenye chumba cha mbele, na mke wangu ananadi mitumba sokoni, anapanda juu ya meza na kupaza sauti mpaka wateja wamempachika jina la Spika, na kusema kweli niliipenda ile sauti kabla sijauona uso, sasa majuzi ikakatika, akaanza na homa, koo likawa jekundu lenye madoa meupe, kumeza mate tu anakunja uso, nikampeleka zahanati mimi mwenyewe, daktari akasema ni mafindofindo yenye maambukizi ya bakteria, akampa antibiotiki na kumwonya amalize dozi yote hata akijisikia nafuu, na apumzishe sauti. Kazi ya kumpa vidonge nikaichukua mimi, naviweka kwenye kisosi pamoja na maji ya uvuguvugu, nasimama pale mpaka ameze, na nilikuwa naona raha, mshauri, niliona sasa ananihitaji.

Ndipo akaingia Bwana Iliki. Huyu ni muuza viungo, kibanda chake kiko ubavuni mwa meza ya mke wangu, ni mgane, mtanashati, na hayo mashati yanayomkaa vizuri nimemshonea mimi kwa mikono yangu, na kabla ya biashara hiyo alifanya kazi miaka mingi kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Bara Hindi. Basi mke wangu alipopita sokoni kufunga mzigo wake akarudi na chupa ya chai imejaa dawa, tangawizi na mrehani na mizizi mitamu ya urukususu, tena na maelekezo ya kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye manjano na chumvi, na asali ambayo eti haitiwi mpaka dawa ipoe maana kwao asali haichemshwi, yote hayo alinieleza kwa kunong'ona huku ameshika koo, mtu aliyekatazwa kusema! Mimi ananijibu kwa kichwa, ndiyo, hapana, basi, lakini yale maneno machache aliyobakiwa nayo yote ni ya mwenzangu, "Bwana Iliki kasema nilale mapema," "Bwana Iliki kasema nisiache vidonge vya daktari," nikamuuliza, na mimi mumeo nimesema nini? Akacheka bila sauti, akaniwekea kifurushi cha viungo juu ya cherehani, kati ya uzi na mkasi, nikaona hii sasa ni dharau, nikakitupa kabatini.

Alipopata nafuu, jirani yetu akaja kumjulia hali akamuuliza, "Shoga, umetumia nini?" na mke wangu akaonyesha chupa! Kisosi changu kiko palepale mezani, yeye anaonyesha chupa! Wivu ulinipanda, mshauri, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, na asubuhi yake nikamwambia dozi imeisha, na haikuwa imeisha, vidonge vilivyobaki nimevificha kwenye kopo la vifungo, nikisema moyoni ngoja tuone manjano peke yake yatafika wapi, koo likimrudia kidogo atajua aliyemponya ni nani.

Limemrudia, ila si kidogo nilivyotaka. Tangu jana homa imepanda upya, koo linamuuma upande mmoja mpaka sikioni, leo mdomo haufunguki vizuri, mate yanamtoka kwa kushindwa kuyameza, akisema ni kama mtu mwenye tonge kinywani, na bado, mshauri, bado ameniandikia kwenye simu niende kwa Bwana Iliki nikamuulize afanye nini! Sasa nifanyeje, nivirudishe vidonge kimyakimya nijifanye nimevinunua, au nimwambie ukweli, na je, sina haki ya kumkataza huyu mwanamume asimpe mke wangu kitu chochote tena?

Ni mimi, Fundi wa Chumba cha Mbele.

*

Fundi, barua yako imeingia kwenye simu yetu asubuhi hii na nimeipitisha mbele ya zote. Tumekupigia simu kabla ya kipindi hukupokea, sijui ulikuwa unashona au unanuna. Mpeleke mkeo hospitali, ile kubwa yenye wodi ya dharura, sasa hivi. Mdomo usiofunguka, mate yasiyomezeka, maumivu ya upande mmoja: mimi si daktari, lakini hata mimi najua hapo huenda usaha umejikusanya kando ya koo, na koo ni njia ya pumzi. Jambo hilo umelisema juujuu, katikati ya malalamiko ya chupa ya chai! Ondokeni. Mengine nisikilize kwenye simu mkiwa njiani.

Mmetoka? Haya. Usimpe vile vidonge, usimpe manjano, usimpe chochote mpaka aonwe. Beba kopo lako la vifungo na vidonge vyake ndani, umwonyeshe daktari, umwambie dozi ilikatika lini na ni nani aliyeikata. Mwambie pia alichokunywa na alichosukutua. Daktari akidhani dozi ilimalizwa, anaweza kumtibu kwa kukisia, na wewe umeshamfanyia majaribio ya kutosha.

Pole kwa wivu, maana unauma kwelikweli, sikutanii. Mtu uliyempenda kwa sauti yake amebakiwa na maneno ya kuhesabu, halafu anayatumia kumtaja mwingine. Ningekuwa wewe ningenuna. Lakini kununa ni kununa, na kumkatia mgonjwa dawa ni kitu kingine. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe umechimba, ukamtumbukiza mkeo.

Na hebu soma tena barua yako. Bwana Iliki alisema nini? "Nisiache vidonge vya daktari." Huyo mshindani wako alikuwa akiilinda dozi uliyoificha wewe! Anaijua kazi yake: manjano na tangawizi vinatuliza koo, antibiotiki inaua vijidudu, na daktari akiridhia vinakaa pamoja bila ugomvi. Ugomvi uliuleta wewe.

Kile kifurushi nacho. Mwanamke hawezi kusema, amebeba viungo kutoka sokoni, amekuwekea juu ya cherehani, mahali ambapo huwezi kukosa kukiona. Fundi mzima hukuelewa? Alitaka umchemshie wewe. Angeitaka mikono ya Bwana Iliki angekunywa hukohuko kibandani.

Kwa hiyo haki ya kumkataza huna. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, nenda kwa Bwana Iliki, msalimie kwa heshima, jifunze kuchemsha. Kabla mkeo hajanywa, muulize daktari kama vinapatana na dawa mpya, hasa huo urukususu, maana haumfai kila mtu, mwenye presha kwa mfano. Na safari hii vidonge avitunze yeye.

Umeuliza kama umwambie ukweli. Mwambie leo, hapo hapo mbele ya daktari, kwa sentensi moja, na usimtaje Bwana Iliki ndani yake. Kisha nyamaza. Usimwombe msamaha leo. Leo hawezi kukujibu, na wewe ungechukua kimya chake ukakiita msamaha. Mngoje apone, apande juu ya meza yake, apate sauti ya kukukatalia mbele ya soko zima akitaka. Hapo ndipo umwombe.