Nyuzi Ulizozilegeza

Kaka yangu mpendwa,

Gitaa lako limenishinda. Nakuandikia kwa hasira, na vidole vya mkono wangu wa kushoto vimetoka malengelenge, kwa hiyo usitegemee salamu ndefu. Hapa Mvumi tu wazima, na mama hajambo.

Unakumbuka uliporudi kutoka vitani, umevaa kofia ya askari wa keya na gitaa hilo liko mgongoni? Watu walijaa uani kukusikiliza, nami nilikaa karibu kabisa na goti lako. Nilikuomba unifundishe, ukacheka: "Wewe mtu wa ngoma. Tazama tu, macho yatafundisha mikono." Nikatazama mpaka nikachoka. Macho hayakufundisha kitu, kaka. Ulikuwa mchoyo, na leo nalisema.

Halafu ukajiandikisha umanamba, uende ukakate mkonge Tanga kwa mkataba. Asubuhi ya kuondoka ulizilegeza nyuzi zote ili gitaa lisipinde kwa joto la kiangazi, ukamwambia mama, "Nitazikaza mwenyewe nikirudi." Ukapanda treni pale Dodoma, na tangu hapo kimya.

Mama alilishika neno lako kama kiapo. Alilitundika gitaa ukutani juu ya kitanda chake, akakataza lisiguswe. Kila nilipomwomba alinijibu, "Ukizikaza wewe, kaka yako atarudi kufanya nini?" Nilibishana naye, nikanuna, nikasusa hata ugali. Unanijua.

Mwezi uliopita wenzako mlioondoka pamoja walirudi, mkataba wao umekwisha. Mama aliwapikia, akawauliza mmoja mmoja. Wote walisema mlitenganishwa siku ileile mlipofika, hawakukuona tena. Walipoaga, alilishusha gitaa, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaniwekea mapajani.

"Kaza," akasema. "Nyumba ina kimya mno."

Miaka yote nilikuwa nalililia, na siku hiyo nilitamani kumrudishia.

Nikakaza. Lakini kwa sikio lipi? Sikio nililo nalo ni la zeze la marehemu baba, basi nikazipandisha nyuzi mpaka zikapatana kizeze. Wimbo wako anaoupenda mama ukakataa katakata. Unaanza wako, katikati unageuka wa baba. Mkono wa kulia nao unalipiga gitaa kama ngoma. Uzi mmoja umekatika, nimefunga waya wa breki ya baiskeli, unalia kama mbuzi aliyeachwa malishoni. Nikilisukuma pembeni, mama ananiambia haraka haraka haina baraka. Nani kamwuliza?

Juzi alinisikiliza kutoka jikoni. "Siyo hivyo. Hapo mwenzio alikuwa anashuka." Akaniimbia kipande hicho, taratibu, nikakikosa. Akakiimba tena, nikakikosa tena. Mara ya tatu hakuimba. Nilimsikia akichochea moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Nimekukasirikia, kaka. Nilitaka kujifunza gitaa, sikutaka mama aache kukungoja.

Watu wananicheka kwamba hata mtoto angekuwa ameshajua. Hawajui ninachofanya. Kila nikimaliza kupiga nazilegeza nyuzi zote, kama ulivyoziacha, na kesho yake naanza upya kutafuta sauti. Mama akiniuliza, namwambia ni kwa sababu ya joto.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mkono wa ngoma