Baba Mkubwa, Njoo Uswali Nyuma ya Baba

Nyumba ya Shekhe,
Mtaa wa Washonaji,
Jumapili, 6 Machi 1938.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Assalaam alaikum. Natumai unapoisoma hii kifua kimeacha kukusumbua. Mama Mkubwa naye vipi, mguu umepoa? Sisi tunapumua, lakini nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya.

Najua hukutegemea barua yangu. Ulipokuwa hapa, ukiniuliza habari za shule nilikuwa nang'ata kucha badala ya kujibu. Kwenye karatasi angalau sioni macho ya mtu.

Baba Mkubwa, tangu uhame watu wanaswali nyuma ya Baba, halafu wanakwenda kuirudia sala majumbani. Wanasema wazee walikuchagua wewe uwe shekhe wa kutuswalisha, Gavana akamchagua yeye, basi sala yake haifai. Fundi cherehani wa mbele yetu hutandika mkeka barazani makusudi, tumwone. "Ya Gavana nimeshaswali," anasema kwa sauti, "sasa naswali ya Mungu." Wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu. Baba anasikia. Anafunga dirisha taratibu, kama vile ni vumbi tu linaloingia.

Wewe uliondoka ukiamini mdogo wako alikwenda kuomba cheo. Wallahi hakuomba. Wazee walitia jina lake chini ya lako ili yatimie majina matatu, kama Serikali ilivyotaka. Mkuu wa Wilaya alipokuja kumpa habari, mkalimani nilikuwa mimi. Baba alisema, "Mwambie kaka yangu yupo." Yule bwana akajibu kwamba kaka mtu ana maneno mengi. Nililitafsiri hilo huku nikitazama sakafu. Tangu hapo Baba ameomba kuachia, amekataliwa.

Jana bwana huyo alirudi. Amesikia kwamba Ijumaa hii vijana watatoka wote Baba akipanda mimbari. Ataweka askari mlangoni, na atakayetoka atakamatwa.

"Mwambie msikiti hauhitaji askari," Baba akasema.

"Mwambie baba yako, Serikali iliyomweka ndiyo itakayomlinda."

Anayewaongoza vijana hao ni kaka yangu. Nimemlilia, nimemshika miguu. Amenijibu, "We mtoto, kaa na Kiingereza chako." Wakimpiga marungu, Baba atakuwa juu ya mimbari anamwona mwanawe. Hatapona, Baba Mkubwa. Sasa hivi tu chakula hakimshuki.

Nakuomba uje kabla ya Ijumaa. Simama safu ya kwanza, nyuma ya mdogo wako. Wewe ukibaki umekaa akihutubu, nani atathubutu kuinuka? Sina mwingine wa kumwendea.

Nikwambie na lililonivunja kabisa. Jana alasiri Baba alituswalisha hapa nyumbani. Alipotoka tu, Mama akaingia chumbani, akaanza upya. Nilimwona. Nikauvuta mlango Baba asije akamkuta.

Nisalimie Mama Mkubwa, na binamu yangu mshona viatu, na yule mdogo mwenye vurugu. Mungu akulainishie moyo na safari.

Na kama roho yako haitaridhika na sala ya Baba, nenda kairudie chumbani. Mlango nitaushika mimi.

Binti yako akupendaye, anayekungoja.