Kiti cha Mwenye Tatizo

Tukuyu, Machi 1998

Sista Yunisi,

Shikamoo. Nimekuzidi umri sasa, maana wewe uliacha kuuongeza na mimi bado naendelea, lakini sijui salamu nyingine ya kukupa. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nipande treni pale Mwanza nikiwa na barua ya uhamisho wa miaka miwili. Miwili ikazaa mingine. Nikaoa huku, nikajenga huku, nikastaafu huku kwenye mvua isiyojua kukoma. Kifo chako nilikisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo. Mtangazaji alitaja ndugu wa kupewa habari, wa Majita, wa Musoma, wa Mkolani, halafu akasema: "na Bwana Masanja, popote alipo." Nilikuwa nikimenya ndizi barazani. Nikaendelea kumenya hadi mke wangu akaja kuninyang'anya kisu.

Tangu siku hiyo nimetaka kukuandikia. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukuuliza, na wewe hukupenda mtu aje ofisini kwako bila swali. Leo ninalo. Mkoba wangu uko mlangoni, basi la Mbeya linaondoka kesho alfajiri, na kutoka Mbeya nitatafuta njia ya kufika Mwanza. Kabula ameniita.

Unamkumbuka alivyokuja kwenye ofisi yetu ya afya, ametoka chuoni, ana sanduku la bati na viatu vinavyombana. Alikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia. Ukamwambia, "Binti, hapo ulipokaa ndipo upepo unapopita, utaugua kabla ya wagonjwa wako." Basi huyo huyo Kabula ndiye sasa anayeongoza timu nzima ya afya ya wilaya.

Wilaya yenyewe usingeitambua, Sista. Mgonjwa anachangia pesa dirishani kabla ya kuonwa. Maduka ya dawa yamejipanga Nyamagana kama vibanda vya sigara. Wahudumu wengi tuliowafundisha wamepunguzwa kazini, wengine wanauza mitumba. Viwanda vya samaki vimeota ufukweni, na magari ya barafu yanashuka hadi kwenye mialo, mitumbwi inakoshusha samaki, kuchukua sangara aende Ulaya. Watu wa afya nao wanaitwa kwenye semina za uongozi, wanajengewa uwezo. Kabula alinitumia makaratasi ya semina moja nikayasoma yote, unajua siwezi kuacha karatasi. Yana mambo mazuri. Yanasema kiongozi agawe madaraka. Ila sikuona mahali panaposema kiongozi afanye nini na mdomo wake akishayagawa.

Wewe ulikuwa na jibu lako. Ofisi yetu ilikuwa na kiti kimoja tu chenye mikono, na kila mgeni alidhani ni chako. Siku ya kikao ulikaa kwenye benchi. Kiti ulimpa yule ambaye ugonjwa ulikuwa kwenye eneo lake, hata kama alianza kazi wiki iliyopita. "Mwenye tatizo ndiye mwenye kiti." Aliyekalia kiti ndiye aliyeeleza, akaulizwa, akaamua. Wewe ulisema mwisho, na mara nyingi hukusema kitu.

Mara yangu ya kwanza nilishika mikono ya kile kiti kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaovuja. Nikakunong'oneza, "Sista, naogopa." Ukajibu kwa sauti, wote wasikie, "Uoga haumo katika magonjwa ya kuripotiwa, Masanja. Endelea." Walicheka wote. Na mimi nikaendelea.

Sasa sikia yaliyompata Kabula. Kipindupindu kimeingia kwenye mwalo mmoja upande wa Magu. Aliamua mambo mawili siku moja: mwalo ufungwe, na misibani watu wasile. Kuhusu mwalo, diwani alisimama kumpinga mbele ya wavuvi na wenye magari ya barafu. "Binti, nchi imeruhusu biashara, wewe nani uizuie? Sangara akioza utamla wewe?" Watu wakapiga makofi. Kuhusu misiba, hakuna aliyebisha. Waliitikia tu, ndiyo, ndiyo. Halafu wakawa wanapika uani na kula ndani, mlango umefungwa, wote wakinawa kwenye beseni moja kama ilivyo desturi, na sasa bila hata mtu wa afya kuwaona. Wewe na mimi tunajua msiba usio na chakula kwetu ni nini. Ni kama kusema marehemu hakuwa na watu. Wagonjwa wameongezeka.

Jumamosi mpokea simu wa hospitali ya misheni hapa alimtuma mtu kuniita. Simu ya Mwanza. Sauti ya Kabula ilikuwa mbali na imechoka. "Mzee wangu, Alhamisi ijayo kuna mkutano wa hadhara mwaloni. Diwani atakuwepo, wanunuzi watakuwepo. Njoo ukae kwenye kile kiti. Wale wanamsikiliza mwenye mvi, na wewe ni wa kwao." Nikasema nakuja kabla hajamaliza.

Nilikuwa na jambo jingine mdomoni pia, la lile beseni. Nilitaka kumwambia afanye hivi na hivi. Sijui ni nani aliyenishika ulimi, nadhani ni wewe. Nikauliza tu, "Misibani huko, nani anapika?"

"Majirani. Mfiwa hapiki."

"Umekaa nao?"

"Nimekaa na wazee."

"Haya."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa. "Umekuwa kama Sista," akasema, na simu ikakatika.

Leo asubuhi kapiga tena. Alikwenda kuketi na wanawake wapishi, kwenye mafiga, akachambua nao mchele. Mkubwa wao, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alimwambia, "Mwanangu, ulitukataza kumlilia mtu kwa sufuria. Ungetuuliza, tungelikataza beseni sisi wenyewe." Wamekubaliana chakula kirudi nje, kiliwe cha moto, maji yachemshwe na yamiminwe kwa jagi mikononi pamoja na sabuni, na beseni likionekana lipinduliwe hata kama mwenye msiba ni diwani. Nikasikia sauti yake imerudi kifuani. Nikafurahi hadi mpokea simu akaniangalia.

Ndipo akasema, "Lakini mwalo ni mzito, Mzee. Hilo la mwalo uje uliseme wewe."

Nimerudi nyumbani nikafunga mkoba. Atupele, mke wangu, amenipigia pasi shati huku amenuna. Mwishoni kaniuliza, "Unakwenda kusaidia, au unakwenda kuonwa?" Nimekaa kukuandikia wewe badala yake, na yeye kalala na hasira zake.

Sista, nikuambie ukweli: ni ziwa. Nilipomwambia Kabula nakuja, sikuona kipindupindu, niliona maji. Niliona mawe yale makubwa yaliyobebana, harufu ya dagaa juani, wanawake wa Magu na vikapu vya mchele kando ya barabara. Niliona kaburi lako Majita ambalo sijawahi kuliona. Mtu aliyekaa mbali miaka yote hii akiitwa jina lake kutoka kwao, haulizi anaitiwa nini.

Na nimekuwa nikijiuliza tangu nianze barua hii: ule mnada wa Magu, ulifanyaje?

Unakumbuka. Kuhara damu kulikuwa kumeenea, mimi ndiye niliyekuwa na kiti, na kazi yangu ilikuwa kuufunga mnada wa ng'ombe mbele ya watu waliosafiri na mifugo yao. Nilipofungua mdomo walizomea. Mzee mmoja akanyoosha fimbo juu ya kichwa changu kukuelekea wewe uliyekuwa nyuma yangu: "Sista, huyu mtoto tumemwona akikojoa kitandani. Sema wewe." Na macho yote yakahama. Niliyahisi yakinivuka, kama mtu anayevuliwa shati. Nikageuka kukuangalia na mimi, nikikuomba. Ukatoa matobolwa kwenye mfuko wako, ukaanza kutafuna viazi vyako vikavu polepole, ukiniangalia mimi tu. Ulitafuna. Watu wakangoja. Hukumeza haraka hata kidogo. Mwishowe ikawa aibu zaidi kukungoja wewe kuliko kunisikiliza mimi, na macho yakarudi, moja moja.

Nilikuchukia siku ile hadi tulipofika mjini. Garini ukasema, "Ningesema mimi, mnada ungefungwa leo. Safari ijayo wangenisubiri tena. Na mimi nina maisha mangapi?"

Ulikuwa na moja tu. Tumeona.

Basi nimepata jibu, na silipendi. Nikifika pale mwaloni na mvi zangu na Kisukuma changu, macho yatahama. Diwani atafurahi kupita wote. Atasema, sasa tunaongea na wakubwa. Mwalo labda utafungwa. Na Kabula, ambaye juzi wapishi walimwita mwanangu na kumtii, atarudi mlangoni na sanduku lake la bati. Mimi siwezi hata kufanya ulivyofanya wewe, kukaa nyuma yake na kutafuna. Wewe ulikuwa na nguvu ya kunyamaza mbele ya watu wako. Mimi nitawaona watu wangu baada ya miaka yote hii, nitaongea.

Naogopa, Sista. Akishindwa, wapo watakaokufa. Najua utakachojibu.

Kesho nitampigia Kabula nimwambie siji, kiti ni chake. Alhamisi nitakuwa hospitali karibu na simu tangu asubuhi. Akipiga kabla ya mkutano nitamuuliza swali moja, "Umeamua nini?", na akishasema nitanyamaza hata kama ningeamua vingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu si ndogo. Akinihitaji tena baadaye, nitamsikiliza kutoka hukuhuku.

Lala salama Majita. Nisamehe kaburi ambalo sitalipalilia.

Nimetoa shati kwenye mkoba nikalitundika. Asubuhi Atupele ataliona pale.

Sitarudi Mwanza.

Masanja