Harusi Yangu Imekuwa Kielelezo

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo sikupi. Ulinikataza mwenyewe nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, ukasema wake wenza hawaamkiani, na siku nikikuamkia nitakuwa nimekutangaza mzee mbele ya watu. Basi nakuja hivyo hivyo, bila shikamoo, na hasira zangu mkononi.

Nianze na habari njema, maana nikianza na ile nyingine nitaichana karatasi. Nimeolewa. Nimeolewa na Idrisa, yule yule fundi wa mashine za boti wa Kibirizi, uliyemtazama kuanzia viatu mpaka kofia siku ya kwanza alipokuja kwetu, ukamwambia, "Wewe ni mume wangu. Huyu msichana nimemwazima tu." Laiti ungesubiri miezi michache ukaiona harusi yenyewe. Anarudi jioni mikono ina oili mpaka kwenye viwiko, ananawa kwa sabuni ya unga, anarudia tena, halafu anakaa mlangoni kunikatia vitunguu huku akinisimulia mashine iliyomsumbua, kana kwamba anamsema jirani mwenye tabia mbaya. Mimi namwangalia tu. Mchuzi wangu wa samaki wa migebuka umeshaungua mara nyingi kwa ajili ya kumwangalia. Anaula hivyo hivyo, anasema mawese yameficha. Tunakaa Bangwe, chumba na sebule, na dirisha letu linaangalia ziwa. Asubuhi nikifungua pazia nikaliona maji, nikageuka nikamwona yeye bado amelala, huwa najiuliza nimefanya jema gani mpaka nikapewa haya yote kwa pamoja.

Sasa sikiliza mwanao alichofanya.

Harusini Baba ndiye aliyeniozesha. Alimshika Idrisa mkono, sauti ikamkwama katikati ya maneno, akaanza upya. Mimi nikiwa chumbani na wanawake nilisikia ile sauti inavyokwama, nikalia mpaka wanja ukashuka mashavuni. Nikasema moyoni, pamoja na yote aliyomfanyia Mama, huyu ni baba yangu na ananipenda. Wiki chache baadaye akaja Bangwe, akala kwangu, akasifu chakula, akasema, "Mwanangu, niwekee ile video yote ya harusi. Nataka kumbukumbu." Unajua furaha niliyopata? Nilitafuta flashi mpya, nikamwekea yote tangu mwanzo, nikakata kipande cha karatasi nikaandika kwa kalamu ya rangi, "Harusi yangu, kwa Baba kipenzi," nikakibandika juu yake.

Bibi, flashi hiyo nimeikuta mahakamani. Karani aliiinua juu, akasoma maneno yangu kwa sauti, "kwa Baba kipenzi," halafu akasema ipokelewe kama kielelezo.

Kesi ya kwanza wewe ulikuwepo, lakini acha niikumbuke, maana nikiikumbuka napata nguvu. Baba alikuwa amempa Mama talaka, anasema mwanamke haoni vizuri, siku moja atamuunguzia nyumba. Hakimu alieleza kwamba kwa ndoa ya Kiislamu kama yao, matunzo ya mke aliyeachwa kwa kawaida huishia na eda. Akisha kukaa eda yake, basi. Isipokuwa iwepo sababu maalumu, na sababu hiyo hakimu lazima aiandike. Akauliza, ipo? Mama akainama. Ukasimama wewe, mama mzazi wa Baba, shahidi wa mkweo.

"Mheshimiwa," ulisema, "huyu anayeacha nimemzaa mimi. Boti yake ya kwanza imetoka kwenye samaki waliokaushwa na huyu mwanamke. Mchana kutwa yuko kwenye moshi. Namwambia toka kidogo upumue, ananiambia mama, samaki wataharibika. Macho yake yamekwenda na moshi ule. Sasa andika hapo kwamba mama mzazi ndiye aliyesema."

Hakimu akaandika. Halafu akapima: Baba ana uwezo gani, Mama ana mahitaji gani, nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, na desturi za watu kama sisi zinasemaje. Akaamuru Baba amtunze Mama kila mwezi, mpaka mmoja wao afariki, au Mama aolewe tena, au mahakama iamue vingine. Kwa amri ile Mama amepanga chumba chake Ujiji, ananunua dawa ya macho, na hana haja ya kulala nyumbani kwa mtu.

Au aolewe tena. Baba alitoka mahakamani siku ile na maneno hayo mfukoni, na ameyatunza kuliko alivyomtunza Mama.

Unamkumbuka mtani wetu Mzee Bihemo wa Ilagala? Nauliza tu, utamsahauje, mwanamume aliyekuita "mke wangu" tangu kabla sijazaliwa, akija na muhogo wake anakuuliza kwa nini kitanda hakijatandikwa, na wewe unamfukuza kwa mwiko. Siku ya kukuzika alilala barabarani mbele ya jeneza. "Mke wangu hazikwi bila ruhusa yangu," akagoma kabisa kuinuka. Watu wanalia na kucheka. Baba mwenyewe ndiye aliyemwinamia, machozi yanamtoka, akamtia noti mkononi, akamwambia, "Baba, tupishe." Nilikuwa nimesimama karibu. Nilisikia kwa masikio yangu.

Sasa kwenye harusi yangu Mzee Bihemo akashika kipaza sauti. Akasema, "Mke wangu mkubwa ametangulia, Mungu amrehemu. Kwa hiyo nimemrithi mkwe wake. Mke wangu, simama uwachezee hawa." Mama akasimama. Bibi, ungemwona. Kitenge cha rangi ya chungwa, kilemba juu, anacheza kwa mabega kama msichana, macho ameyafumba kwa sababu hayana kazi. Akajibu kwa sauti ya kufika Kasulu, "Mume wangu, hela ya nyama hujaleta tangu Ijumaa, leo unataka nicheze?" Ukumbi mzima ukapasuka. Mke wa Mzee Bihemo alikuwa amekaa meza ya mbele, anajipigapiga mapaja kwa kicheko. Tangu Mama aachwe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nilimnong'oneza Idrisa kwamba hata zawadi zote zikipotea, mimi nimeshapata yangu.

Kipande hicho ndicho Baba alichokipeleka kwa hakimu.

Samansi ilipofika nilimsomea Mama chumbani kwake. Mwombaji anaomba amri ya matunzo ifutwe kwa kuwa mjibu maombi ameolewa tena. Mama akauliza, "Nimeolewa na nani?" Nikamwambia. Akasema, "Wangenialika basi." Tukacheka wote wawili, lakini nilipomtazama mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la khanga. Chumba, dawa, chakula, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye utani wa harusini.

Siku yenyewe Idrisa alifunga kazi akaja kukaa nami, amenishika mkono kwenye benchi. Baba akasimama na kanzu iliyopigwa pasi. Hakunitazama. Akasema, "Mheshimiwa, amekiri kwa mdomo wake. Anamwita mume, anamdai hela ya nyama. Mwanamke hadai hela ya nyama kwa mtu asiye mumewe." Halafu akaongeza la pili, na hili ndilo lililonichoma zaidi: kwamba hata kama hakuolewa, hali imebadilika, binti ameolewa na fundi mwenye kazi nzuri, kwa hiyo Mama sasa ana mkwe wa kumlisha.

Yaani ndoa yangu, Bibi. Ndoa ambayo yeye mwenyewe aliifungisha huku sauti inamkwama. Sijui kama alikuwa anakwama kwa uchungu au alikuwa tayari anapiga hesabu.

Wakaionyesha video kwenye kompyuta ndogo. Hakimu akaigeuza upande wa Mama, akamuuliza kama anamtambua mtu anayecheza. Mama akasogea, akasogea tena, pua karibu iguse kioo. Akasema, "Sioni, Mheshimiwa. Lakini nasikia. Hicho kicheko ni changu." Hakimu akafungua jalada la zamani, akasoma kitu, nami nilijua anasoma maneno yako.

Halafu akaitwa Mzee Bihemo. Amevaa koti la kanisani, rozari shingoni makusudi kabisa.

"Ulimwita huyu mama mke wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mlifunga ndoa?"

"Mheshimiwa, mimi ni Mkatoliki. Mke mmoja tu amenishinda, yuko pale nje ananisubiri na mwavuli."

"Sasa kwa nini unamwita mke?"

"Ni mtani wangu. Kabla yake nilikuwa na mama yake huyu bwana, miaka na miaka, na huyu bwana hakuwahi kunishitaki. Siku ya msiba aliniita baba mbele ya watu, akanipa noti nimpishe apite na jeneza. Muulize. Mheshimiwa, mimi kinachoniuma ni mwanangu kunileta mahakamani bila hata kunisalimia."

Hata wale wazee washauri waliokaa na hakimu waliziba midomo. Hakimu akamgeukia Baba. "Ni kweli ulimwita baba?" Baba akasema ile ilikuwa mila ya msibani. Hakimu akasema, "Na hii ni mila ya wapi?"

Akamuuliza siku ya ndoa, hajui. Mashahidi, hajui. Mahari, hajui. Nani aliyeozesha, hajui. Akasema haki ya matunzo inakoma mwanamke akiolewa, siyo akitaniwa. Na kuhusu mkwe, akasema ni kweli hali ya mmoja wao ikibadilika amri inaweza kupunguzwa au hata kuongezwa, lakini binti kuolewa hakumwongezei mama yake macho, na sheria haikumpa mkwe mzigo wa mume. Akamuuliza Baba hali yake yeye. Baba akalalamika kwamba ziwa lilifungwa kupumzisha samaki, miezi ile hakupata kitu. Hilo ni kweli, kila mtu aliumia. Lakini hakimu akamuuliza kama tangu lifunguliwe amenunua chombo kipya cha kuvulia. Baba akakubali, kimoja. Maombi yakatupwa. Amri ikabaki ilivyo.

Nilidhani nitaruka. Sikuruka. Tulipotoka Baba alinifuata mpaka chini ya ukuta, akaniwekea mkono begani, akasema, "Usichukulie moyoni mwanangu. Ni mambo ya sheria tu." Sheria. Alijua, Bibi. Hakukosea kama mgeni asiyejua utani ni nini. Alikua kwenye nyumba yako, amelishwa muhogo wa Mzee Bihemo, na alisimama mbele ya hakimu akajifanya mtu wa kuja. Angesema tu nimechoka kulipa, ningemwelewa. Alichukua kicheko cha Mama akakigeuza ushahidi.

Na hapo kuna kitu ambacho hakimu hawezi kukirudisha. Juzi tulikwenda harusi ya jirani, Mzee Bihemo naye alikuwepo. Akamwita kama kawaida, "Mke wangu, leo huchezi?" Mama alikaa mikono mapajani. Akatikisa kichwa. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake akauliza, "Kuna mtu anarekodi?" Nilitoka nje nikasimama gizani mpaka Idrisa akaja kunitafuta.

Idrisa anasema nimsamehe Baba, kwamba hasira zitanichelewesha kufurahi. Nampenda mume wetu kuliko nilivyojua mtu anaweza kupenda, lakini kwa hili nimemwambia akakate vitunguu.

Sasa nakuahidi. Dua yako ya mwaka inakaribia. Mzee Bihemo atakuja na muhogo wake. Tukishamaliza kusoma na watu wakishakula, nitamketisha Mama mbele, nitampa Mzee Bihemo nafasi aseme la kwake, na nitamng'ang'ania Mama mpaka amjibu. Atamwita "mume wangu," atamdai nyama, atamdai na kitenge. Idrisa atarekodi. Nimeshamwambia asimame karibu, sauti isikike vizuri. Nakala moja nitampelekea Baba mwenyewe, safari hii bila maandishi ya rangi.

Anapiga simu siku hizi, anataka kuja Bangwe. Aje, ni baba yangu, sitamfungia mlango. Lakini nilikaa kwenye benchi lile nikajifunza jinsi matunzo yanavyopimwa: uwezo wa anayetoa na mahitaji ya anayepokea. Mahitaji yake nayaona. Anahitaji binti yule aliyeandika "kipenzi." Uwezo wangu kwa sasa ni shikamoo. Hiyo nitampa kila akija, kamili, bila kuchelewesha. Ya kuongeza atakuja kuomba, hali ikibadilika.

Lala, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo, anakusalimu na mikono yake ya oili.

Zuhura