Mlango wa Pili wa Behewa

Mjukuu wangu Amina,

Assalamu alaykum. Sisi hapa Olumbi tu wazima. Nyumba tumeiezeka upya, na mama yako anavuna mihogo. Barua yako imenifurahisha, ingawa mwandiko wako unataka adabu.

Umeuliza kwa nini mabehewa ya mizigo unayoyaona huko Nacala yana milango pande zote mbili. Jibu nililipata ujanani, nilipokuwa mpakiaji hukohuko.

Siku hiyo tulipakia nazi na mchele wa harusi, nikasafiri nao hadi Nampula. Katika mashua za kwetu mzigo huingia na kutoka kwa juu, basi sikufikiria ubavu. Nilitanguliza nazi, mchele nikauweka mwisho, mlangoni, ili utoke kwanza. Kumbe jukwaa la Nampula lilikuwa upande wa pili! Nilipofungua, nazi tupu hadi darini, na huko harusini maji ya wali yameshachemka.

Dada wa bwana harusi, aliyekuja kuupokea mchele, akacheka. "Mtu wa pwani, wageni wetu watatafuna vifuu?"

Nikaanza kushusha nazi mojamoja, jasho linanitoka.

"Acha, kaka! Zunguka, ufungue mlango ule mwingine."

Tukazunguka. Magunia yakashuka, na wali ukaliwa kwa wakati.

Dada huyo ndiye bibi yako, naye anakusalimu. Mpaka leo nikikwama kwa jambo lolote, haniulizi limetokea nini. Husema tu, "Zunguka."

Mungu akutunze,
Babu yako